Nilivyoingia kwenye mtihani wa chuo nikiwa nimefungwa koseti na bibi yangu wa Temeke

Wakuu, heshima mbele, wakubwa shikamooni.

Jana binti yangu kanionyesha kwenye simu dada mmoja anauza mkanda wa kupunguza tumbo, una vyuma ndani. Nikamwambia hiyo kitu baba yako alishaishona kwa mikono yake, Temeke, kabla hajamjua mama yako. Akacheka mpaka akakaa chini.

Basi naleta uzi huu ili ushahidi ubaki mahali. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe. Nikiongeza chumvi nitawaambia.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Ruksa ya biashara imeshatolewa, mitumba inaingia kwa mabelo, na mie nipo mwaka wa mwisho chuoni nasoma sanaa za maonyesho. Ndiyo, kuna watu walisomea hilo. Tuendelee.

Mtihani wetu wa vitendo ulikuwa wa mavazi. Tulikuwa tunaandaa mchezo wa enzi za Mjerumani hapa Dar, na kila mwanafunzi alichota kikaratasi kwenye kofia. Unachochota ndicho unachoshona. Aliyechota kanzu alimaliza mchana mmoja akaenda kulala. Aliyechota sare ya askari aliazima kaki ya baba yake akabadilisha vifungo.

Mie nikachota koseti ya mke wa bwana mkubwa wa Kijerumani.

Kwa wasioijua, koseti ni kile kizibao kigumu ambacho wanawake wa Kizungu wa zamani walivaa ndani ya gauni. Kina vijiti vimepangwa kuzunguka mwili kama mbavu za pili, kinafungwa mgongoni kwa kamba mpaka kiuno kinabaki kama cha nyigu.

Kufeli vitendo maana yake ni kurudia mwaka. Na mama yangu alishatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anamaliza. Watu walishaanza kumuuliza pilau lini.

Lingine, nilikuwa nimejigamba. Tangu mwaka wa kwanza nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba kwetu ni ukoo wa mafundi cherehani. Ukweli ni kwamba kwetu palikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, ya Bibi Mwanahawa, na mie nilichowahi kushona ni foronya. Foronya mbili.

Mwigizaji wa kuivaa aliitwa Rehema. Alikataa kupimwa na mie, akapimwa na mwenzake, akaniletea namba kwenye karatasi. Nilipojipima nikakuta kiuno chake na changu ni kilekile, na kifua hatukupishana sana. Chakula cha chuo kilikuwa kinatenda haki kwa wote. Nikamwambia kwa furaha. Hakuniongelesha siku tatu.

Lakini nikawa nimepata sanamu la kupimia bila gharama. Mie mwenyewe.

Kitambaa nilichukua marekani, ile nyeupe nzito, nikaikunja mara mbili. Tatizo likawa mbavu. Kitabu cha maktaba kilisema Wazungu walitumia mfupa wa nyangumi. Nikaangalia uani kwa Bibi, nyangumi hayupo. Upo ufagio wa chelewa.

Nikachomoa chelewa ishirini, nikashona njia nyembamba kwenye kitambaa, nikazichomeka. Nikavaa, nikamwomba Mjomba Shaweji, mdogo wake mama, anivute kamba. Ikapendeza kweli. Nikakaa kwenye kigoda nijione mtu wa maana.

Tak. Tak tak. Tak tak tak tak.

Mjomba alidhani ni mimi ninayevunjika. Akakimbia.

Bibi alitoka ndani na swali moja tu, ufagio wake uko wapi.

Jaribio la pili nikatumia vyuma vya mwavuli mbovu. Hivi havikuvunjika, ila nilipoinua mkono chuma kimoja kilinisalimia kwapani. Alama ipo mpaka leo, mke wangu anaijua kama ajali ya baiskeli. Nadhani leo ataijua vizuri.

Jibu lilikuwa pale pale sokoni Tandika, chini ya miguu yangu. Wauza mitumba wakifungua belo hukata ile mikanda ya chuma inayolibana na kuitupa. Ni chuma chembamba, bapa, ukikikunja kinarudi. Nikaokota mzigo mzima. Muuzaji mmoja akaniuliza nafuga nini.

Fundi bati alinikatia vipande kwa mkasi wake, akanifundisha kuviringisha ncha kwa tupa, kisha nikazivisha plasta ya dukani ili zisitoboe kitambaa. Fundi viatu akanipigia matundu ya mgongoni, yale ya chuma yanayowekwa kwenye buti. Koseti ikawa ngumu. Ukiisimamisha mezani inasimama yenyewe.

Nikaivaa. Mjomba akavuta. Koseti ikapanda.

Kila akivuta, inapanda. Mwisho ikawa inanibana shingoni, tumbo liko nje linapunga upepo.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake anachambua mchele. Akasukuma ungo pembeni.

"Mume wangu," akasema, maana mabibi wa kwetu ndivyo wanavyotuita, "hicho umemshonea mtu au umeshonea pipa?"

Nikaivua, nikamweleza kwamba ni vazi la kubana kiuno cha mke wa Mjerumani. Akaligeuza, akaligonga kwa kucha, akanusa ile plasta.

"Kumbe mkaja," akasema. "Mkaja wenye mifupa."

Hapa naomba nisimame kidogo. Vijana wa siku hizi huenda hamjui. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua, siku arobaini, mwili urudi. Na Bibi Mwanahawa ndiye aliyekuwa mfungaji wa mkaja wa eneo letu lote, mpaka Mtoni walimfuata. Alishafunga matumbo mengi kuliko mabelo ya Tandika. Hiyo ni chumvi, lakini kidogo.

Wiki tatu nahangaika na kitabu cha maktaba, na profesa yuko kwenye mkeka anachambua mchele.

Kosa langu, alisema, ni kwamba nimekata kitambaa wima kama foronya. Mtu si foronya. Akanifumulisha chote. Akanikatisha vipande sita, kila kimoja chembamba katikati na kipana chini, ili vazi likae juu ya nyonga na lisiwe na pa kupandia. Na kamba ianze kukazwa chini, ikija juu. Kiuno hakibanwi, alisema. Unashika nyonga, kiuno chenyewe kinakuja.

Nilishona siku nne. Kamba ya viatu haikufika, kwa hiyo akatoa kamba ndefu iliyofumwa, ya kufungia chandarua chake, na ncha moja akaishona kabisa kwenye koseti isipotee.

Asubuhi ya mtihani akasema lazima aijaribu yeye kwa mara ya mwisho. Akanilaza kwenye mkeka, akaniambia toa pumzi, akaweka goti ubavuni kwangu, akavuta kuanzia nyongani. Wakuu, sikuwahi kujua kwamba nina kiuno. Akamalizia na fundo lake la mgongoni, akalichomeka chini ya chuma.

"Hongera mume wangu, umejifungua salama," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

Mjomba akauliza kama uji wa pilipili manga, ule wa mzazi, uletwe sasa au baadaye.

Tunacheka hivyo, mie nacheka kwa juu juu maana chini hapakuwa na nafasi, mara hodi. Ametumwa mtu kutoka Mtoni, binti wa fulani uchungu umemshika. Bibi akachukua kanga yake na kikapu, akatoka. Hakugeuka hata.

Mie nimebaki ndani ya koseti.

Mjomba alijaribu lile fundo kwa vidole, kwa meno, akajaribu kwa uma. Kila akilishika linazidi kukaza. Akasimama akaliangalia kwa heshima, akaniambia pole.

Najua mtauliza kwa nini sikukata kamba. Kwanza, ilishashonewa. Nikikata napeleka vazi bovu, halifungiki. Pili, kamba ni ya chandarua cha Bibi. Mtihani niliuogopa, lakini ule ufagio wa chelewa nilikuwa bado sijaulipia.

Nikavaa shati juu, nikaondoka.

Njiani nilisimama mwanzo mwisho, maana kukaa kulihitaji maandalizi. Nilikutana na mwalimu wangu wa shule ya msingi, akanisifu kwamba chuo kimeninyoosha.

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza ndefu na walimu watatu. Wenzangu wametundika mavazi yao kwenye henga. Katikati ya wasahihishaji alikaa mama mmoja wa makamo, mgeni kutoka nje ya chuo, miwani ya mnyororo, hacheki. Rehema alikuwa kando anasubiri kuvishwa.

"Vazi lako liko wapi?" yule mama akaniuliza.

"Nimelivaa, mwalimu."

Nikafungua vifungo vya shati.

Rehema alitazama dirishani. Mwalimu wa kiume wa pembeni akaanza kutafuta kitu chini ya meza na hakukipata kwa muda mrefu.

Yule mama hakutikisika. Akadondosha chaki sakafuni, akaniambia niiokote. Nikashuka kwa magoti, mgongo umenyooka kama bi harusi anayesalimia wakwe, nikaiokota. Akasema kaa. Nikakaa. Akasema inua mikono yote. Nikainua, hakuna kilichopanda, hakuna kilichochoma. Akaja akanigonga tumboni kwa vidole, ngo ngo ngo, kama anayepiga hodi.

"Umelivaa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja asubuhi, mwalimu. Nimetoka nalo Temeke."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la kitaalamu kuhusu kupima uimara wa vazi katika mazingira halisi. Nikafungua mdomo likatoka lingine.

"Halifunguki, mwalimu."

Nikaona mwaka mzima unarudi, na pilau la mama linapoa.

Akazunguka nyuma yangu. Akalishika fundo. Kisha nikasikia sauti yake imebadilika, imekuwa sauti ya mtu wa nyumbani.

"Nani kakufunga?"

"Bibi yangu."

"Fundo hili nilifungwa mie, uzazi wangu wa kwanza na wa pili," akasema. Akaingiza vidole viwili chini ya chuma, akafanya kitu ambacho mpaka leo sijui ni kitu gani, na kamba yote ikalegea kama haikuwahi kukaza.

Nikavuta pumzi. Wakuu, hewa ni tamu.

Akarudi mezani, akaandika, akanitazama juu ya miwani. "Alama za kushona ni zako. Za kufunga mpelekee bibi yako."

Nilifaulu. Rehema aliivaa jukwaani, ikamkaa vizuri kupita ilivyonikaa mie, ingawa jambo la viuno hatukulizungumza tena. Pilau lilipikwa.

Mchezo ulipoisha niliirudisha koseti nyumbani. Bibi alikuwa ameshamfunga binti wa Mtoni kwa kanga, siku za mwanzo. Aliiangalia, akaitumbukiza kwenye kikapu chake, na sikuipata tena. Ilizunguka Temeke miaka. Kuna wanawake walifungwa mikanda ya belo siku arobaini kwa jina la mke wa Mjerumani. Bibi alipofariki, ilirudi kwangu ndani ya kikapu hicho hicho, imeoshwa, plasta mpya kwenye ncha.

Jana, baada ya binti yangu kumaliza kucheka, niliitoa nikajipima. Ncha mbili za mgongoni zilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana.

Nilichojifunza: usikate mtu kama foronya, anza kukaza chini, na kabla hujaenda maktaba pita kwanza uani kwenu.

Picha msiniombe. Ila kama kuna mama au dada humu anayejua lile fundo linafunguliwaje, aandike hapa chini. Binti yangu yumo ndani ya koseti tangu jioni ya jana, na nilifunga mimi.