Turubai la Msiba Juu ya Mawaridi

Kawe yote, kuanzia kwa muuza mkaa hadi kwa wale kina mama wa samaki wa kukaanga, inanijua kama mtu aliyefiwa na maua, na mie siku hizi sibishi, maana ukibisha inabidi usimulie, na ukisimulia unaanza kucheka mwenyewe halafu aibu inakurudia mbichi kabisa. Leo nasimulia kwa sababu nimechoka kuwasikia watu ambao hata hawakuwepo wakikipotosha kisa changu (kuna mmoja anaapa kwamba nilikutwa nimelala ndani ya jeneza, uongo mtupu, jeneza siku ile halikufika).

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo wa tisini, ruksa ya biashara huria imeshazoeleka, maduka yana sabuni za kila rangi na mitumba imetundikwa hadi kwenye miti, ila shirika nililokuwa karani wake lilikuwa limeturudisha nyumbani tusubiri kuitwa. Bado nasubiri. Sasa mie ni mtu wa nyumbani toka kuzaliwa, sina kijiwe, mpira nausikiliza redioni, lakini kukaa nyumbani kwa kupenda ni kitu kimoja na kukaa kwa kusubiri ni kitu kingine. Nilikuwa situlii. Nasogeza kiti kivulini, nakirudisha juani, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, naenda getini kumtazama mtu ambaye sikuahidiana naye.

Bustani haikuwa yangu, ilikuwa ya mke wangu Rukia. Aliianza masika ile tuliyohamia, kwa vijiti vya mawaridi alivyoviomba kwenye zile nyumba za kuta ndefu kule Mbezi Beach, na mvua ilipotuamisha maji uani akawa anachimba mifereji kwa mwiko mkongwe wa ugali. Kipupwe kikaja na upepo wa bahari, chumvi ikayaunguza majani, akayakinga kwa magunia. Vuli ndiyo iliyomlipa: mawaridi mekundu yakafunguka makubwa kama vikombe, asumini ikapanda ukuta mzima, na jioni wasichana wa mtaa wakawa wanabisha hodi kuomba za kuvaa kichwani. Rukia alikuwa anazitoa kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, kama dawa.

Kaskazi ilipoanza kuchoma alikuwa na mimba kubwa, na kwa kuwa ni ya kwanza akaenda kujifungulia kwa mama yake Temeke, akae huko hadi arobaini iishe. Siku ya kuondoka hakuniusia chakula wala nguo.

"Shabani, mie naenda kuleta mtoto. Wewe kazi yako maua. Nikirudi niyakute hai."

"Utayakuta."

"Na usiyafanyie ubunifu. Maji asubuhi, maji jioni, basi."

Alinijua, na mie nilijijua, na bado.

Akajifungua salama, mtoto wa kike, nikaenda kumwona, nikarudi na furaha yangu, mtaa mzima ukanipongeza. Na hapo ndipo jua la Dar lilipoamua kuonyesha uwezo wake. Bomba likakauka, yanapita maji siku yanayotaka yenyewe, na mawaridi yakaanza kuinamisha shingo. Arobaini inakaribia, mwenye maua anarudi, na kila nikiamka naona ua jingine limegeuka rangi ya chai. Halafu wakaja wadudu, vile vidude vidogo vya kijani vinavyonyonya machipukizi. Usingizi ukaniisha. Nikawa nazunguka ile bustani kama mkunga.

Siku hiyo ya siku nikapata wazo: maua yanahitaji kivuli. Na turubai kubwa kuliko yote Kawe nilijua lilipo, lilikuwa la chama chetu cha kuzikana, linakaa nyumbani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Pazi. Nikaenda. Mzee hakuwepo, nikamkuta mkewe anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi. Naomba turubai."

Akasimamisha ungo. "Marahaba. Kuna nini tena, mwanangu?"

Sasa tazameni. Hapa ndipo ningesema "ni la kuyafunika maua," akanicheka, tukaachana. Lakini mwanaume mzima, nimeachishwa kazi, naanzaje kumwambia mke wa balozi kwamba naazima turubai la wafu kwa ajili ya mawaridi? Nikainamisha macho, nikasema, "We acha tu, shangazi. Nitakueleza."

Akanitazama kwa huruma mpaka nikaona raha. Na kwa kuwa huruma ile ilikuwa inafanya kazi, nikaomba na majamvi (nilitaka kuyatandika juu ya udongo usikauke) na lile sufuria kubwa la shughuli (la kuhifadhia maji yakija). Akanipa vyote bila swali la pili. Nikaviburuta kwa mkokoteni mchana kweupe, nikipita mbele ya kila baraza, na kila niliyemsalimia alinijibu kwa sauti ya chini. Mie nikaona leo watu wana adabu.

Nikalifunga turubai, likakaa vizuri sana. Nikatandika majamvi. Kisha nikawageukia wadudu na dawa niliyoisikia redioni, pilipili kichaa iliyotwangwa na kulowekwa, nikaanza kuwanyunyizia kwa ufagio wa chelewa. Upepo ukageuka. Mchuzi wote wa pilipili ukanirudia usoni, na mie kwa akili zangu nikajifuta macho kwa mkono uleule uliotwanga. Jamani. Nikakaa kitako kwenye jamvi, chini ya turubai, nimeshika tama, machozi yanamiminika, koo limeziba, siwezi hata kuita.

Hivyo ndivyo jirani yetu Mama Salma alivyonikuta alipochungulia juu ya ukuta.

"Shabani, baba, nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo, ikatoka kwikwi tu. Nikaonyesha kidole upande wa mawaridi, ambayo ndiyo ya Rukia, na nikafaulu kutamka neno moja: "Rukia…" (nilitaka kusema Rukia ataniua).

Yule mama akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi Mbezi.

Nikapapasa kuingia ndani kuosha macho, na kwa maji ya kubahatisha kazi ile ilichukua muda. Nilipotoka, uwanja umejaa. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wameshakaa kwenye majamvi, wengine wanalia kwa kupokezana, "Juzi tu tumesikia kajifungua salama." Wanaume wamekusanyika upande wa ukuta, chini ya asumini, wanaulizana mwili unakuja saa ngapi. Nikapanda kizingitini nikasema, "Ndugu zangu, hakuna aliyekufa."

Mama Salma akanishika bega akanikalisha. "Ndivyo inavyokuwa mwanzo," akawaambia wenzake. "Moyo unakataa."

"Sijakataa, Mama Salma. Ni pilipili."

"Mpeni maji ya sukari, ameanza kuweweseka."

Nikainuka tena, wakanikalisha tena. Wanaume wawili wakakaa ubavuni mwangu kunishika kabisa. Na nikiwa nimeshikwa hivyo ndipo nilipoona sufuria langu la maji limekwisha kutiwa mchele, na wanatafuta mahali pa kuweka mafiga, na mahali palipo sawa, pasipo na watu, palipolimwa vizuri, ni palepale katikati ya mawaridi.

"Jamani, pale hapana," nikasema.

"Usijali mambo ya jikoni wewe," wakanijibu kwa upole.

Kama hiyo haitoshi, akaja Maganga. Maganga ni Mnyamwezi, fundi baiskeli, na mie ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu halali, na mtani akiingia msibani ana ruhusa ya kufanya analotaka na huwezi kumkasirikia. Akaingia anacheza. Akalala chali kwenye tuta la maua akisema anapima kaburi kama linawatosha Wazaramo kwa urefu wa uvivu wao. Watu wakacheka huku wanalia. Akachuma waridi akalichomeka sikioni, akachuma la pili kwa sikio la pili, mengine akayafunga kiunoni, akanijia usoni.

"Mtani, haya nachukua. Utadai kwa nani, na msiba ni wako?"

"Maganga, weka hayo maua chini, hakuna msiba."

"Mnamsikia Mzaramo? Hata kifo anataka kukikimbia, asije akatoa chakula."

Watu wakaangua kicheko, na mie nikawa namtazama anavyochuma, ua kwa ua, kazi ya mwaka mzima ya mke wangu, nimeshikwa mikono yote miwili kwa mapenzi.

Nisichokijua ni kwamba Mzee Pazi, alipotoka msikitini, alikutana na habari njiani, hata ndani hakuingia. Akadandia pikapu ya jirani mmoja moja kwa moja hadi Temeke, kupanga mazishi na wakwe zangu. Kufika, nani kamfungulia mlango? Rukia, mzima, mtoto begani. Mzee wa watu akapiga hesabu ya haraka: turubai liko kwa Shabani, vilio viko kwa Shabani, mke wa Shabani huyu hapa hai. Akavua kofia.

Kwa hiyo alasiri ile, wali umekaribia kuiva, tukasikia pikapu getini na sauti ninayoijua inalia, "Mume wangu mie, mume wangu mie." Akaingia Rukia, kanga inamwanguka, nyuma yake mama yake na mtoto mkononi, arobaini imevunjwa. Mama Salma akakaa chini. Maganga, na mawaridi yake kiunoni, akarudi kinyumenyume hadi ukutani.

Rukia akanitazama. Nimevimba uso, macho mekundu, nimekaa katikati ya walinzi wangu.

"Nani kafa?" akauliza.

Watu wote wakanigeukia mie, kwa mara ya kwanza mchana ule wakitaka kunisikiliza.

"Hakuna. Turubai nililifunga kwa ajili ya maua," nikasema. "Jua kali."

Nimewahi kupigwa maishani, lakini sijawahi kutazamwa vile. Mzee Pazi aliuliza taratibu, kama mtu anayehakikisha, "Turubai la watu, Shabani? La maua?" Mama mkwe hakunitukana, alimfunika tu mjukuu wake uso, asinione.

Rukia akapita katikati ya watu hadi kwenye tuta lake. Mafiga, majivu, moto, na vijiti vilivyokanyagwa. Halikubaki waridi hata moja. Akakaa palepale kwenye jamvi akaanza kulia, maana machozi alikuwa amekuja nayo kutoka Temeke na yalihitaji pa kwenda, na wale wanawake, ambao hawakujua waondoke au wakae, wakaona hiyo sasa ni kazi wanayoijua. Wakamzunguka, wakamshika. "Pole mama. Pole sana." Maganga akafungua kiuno chake, akayalaza mawaridi mbele yake mstari mmoja, bila utani. Kisha wali ukapakuliwa, maana ulishaiva, tukala matanga ya maua.

Jioni walipoondoka nilimwuliza kama amenisamehe.

"Njia nzima kutoka Temeke nilikuwa naomba, afadhali kila kitu kife ila wewe," akasema. "Sasa nimekuona, sina hakika tena."

Akarudi kwa mama yake kumalizia siku zake. Masika ilipoingia akapanda upya kwa mikono yake, na mie nikapewa kazi ya kumbeba mtoto, nje ya bustani, upande wa pili wa kamba aliyoifunga mwenyewe. Na nimeapa: nikienda kuazima kitu kwa mtu, hata iwe sindano, naanza kwa kueleza ni ya nini, itashona nini, na kwamba nyumbani kwangu wote wazima, na sinyamazi hadi mwenye sindano aniombe niichukue niondoke.