Lori Ndilo Lililomuua Waisiko

Mdogo wangu Waisiko aligongwa na lori la kokoto akitoka kazini, mchana kweupe, akiwa upande wake wa barabara. Nalisema hili mwanzo kwa sababu pale kijijini Turwa, kwenye matanga yake, wakwe zake walisema ameuawa na tambi.

Alikuwa msaidizi wa jikoni kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara. Alianza kazi hiyo akiwa ameolewa miaka minne, bila mtoto. Hedhi ilikuja ikipenda. Kidevuni aliota nywele, akawa anazinyoa kabla hakujakucha ili mumewe, Vincent, asizione. Daktari wa Musoma alimpima kwa ultrasaundi, akamwambia ovari zina vifuko vidogo na homoni zimevurugika. "Siyo kwamba huzai," alimwambia. "Punguza ugali na sukari, tembea, meza dawa."

Mkurya umwambie apunguze ugali! Waisiko alikula kabichi la kuchemsha huku analia. Ndipo mpishi wa kambi, Bwana Chen, alipomwonyesha kukaanga spinachi kwa moto mkali, na tangawizi na kitunguu saumu, na kupika sato kwa mvuke hadi nyama iachie mfupa. Alipenda, jamani. Alikula amefumba macho. Siku niliyomtembelea kambini, tambi alijiwekea kidogo tu, akazivuta kwa vijiti kama anayevua samaki, tukacheka hadi machozi. Sisi ni Wasabato. Nguruwe hakugusa, na Bwana Chen alimtengea karai lake. Mwaka haujaisha, hedhi ikaanza kufuata mwezi. Akasimama kanisani kumshukuru Mungu.

Nyumbani, mama mkwe akitenga ugali wa mtama, Waisiko alimega tonge dogo kama la kumlisha kifaranga. Kwetu hilo ni tusi.

"Ugali wangu una sumu?" mama mkwe aliuliza. "Huko mnakula mbwa, tumbo litashika nini?"

Akamtaka atoe ng'ombe aoe msichana, kama wafanyavyo wanawake wa Kikurya wasio na mtoto, ili msichana azae kwa jina la nyumba yake. Waisiko akamjibu, "Mama, nipe muda, bado naweza kuzaa mwenyewe." Jibu hilo likaitwa kiburi.

Na Vincent? Alikula spinachi na sato aliyopika Waisiko nyumbani, jikoni, mlango umefungwa, akaramba sahani. Mbele ya mama yake alikuwa bubu.

Asubuhi ya mazishi mama mkwe alinifuata, maana mimi ndiye niliyepangiwa kusoma wasifu wa marehemu.

"Shikamoo, mama," nilisema. Hata hasira ina adabu yake.

"Marahaba. Useme alijikausha tumbo kwa vyakula vya kigeni, na ndivyo vilivyomuua. Mchungaji amwombee msamaha, na mabinti wengine wajifunze."

"Hilo sisemi."

"Basi atasema Vincent. Mke ni wake."

Nikamgeukia Vincent. "Mura, kijana, yule sato wa mvuke ulimla, hukumla?"

Akatazama viatu vyake. "Shemeji, usinigombanishe na mama."

"Mke wako yuko kwenye jeneza, na wewe unaogopa kugombana?"

Nilisoma wasifu. Nilisema aliumwa nini, daktari alisema nini, alikula nini na alivyofurahi. Bwana Chen alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Nikamshukuru mbele ya watu wote. Mama mkwe akapiga kelele, "Mnyamazisheni huyo!" Mzee wa kanisa, Rubeni, akamwomba atulie. Nilidhani tumeshinda.

Kisha akaitwa mume. Vincent alishika kipaza sauti, akamtazama mama yake, akasema, "Mke wangu alikuwa mkaidi wa chakula. Bwana amsamehe."

Watu wakaitika amina. Wakamfukia mdogo wangu na neno hilo juu yake.

Najua Bwana Yesu anataka nimsamehe Vincent saba mara sabini. Mara ya kwanza bado sijaiweza.