Doa Jekundu la Mama Nozeli

Hasira za Mama Nozeli gereji nzima ilizijua, lakini za asubuhi ile zilikuwa na jambo. Miaka kumi na minane kazi yake ni moja: kupima nozeli, vile vidude vinavyopulizia dizeli ndani ya injini. Anaifunga kwenye mashine, anavuta mpini, anatazama. Nzima hutoa ukungu mwembamba, nao huungua mara moja. Mbovu hudondosha, na tone hilo huweza kuunguza pistoni mpaka itoboke. Ikifaulu, anaitia doa la rangi nyekundu ya kucha. Madereva hawakuuliza risiti, waliuliza doa.

Sasa dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amerudi, gari lake likivutwa. Jana gari lilitoa moshi mweusi likamzimikia njiani, mama mjamzito yuko nyuma, akajifungulia humo humo kando ya barabara. Mama na mtoto wamepona, lakini kwa kudra tu. Mama Nozeli akazifungua nozeli zote nne, akazipima. Tatu, ukungu safi. Ya nne ilidondosha kama bomba bovu. Na doa lilikuwapo, limepakwa ovyo ovyo.

Siku nozeli hizo zilipofungwa garini yeye alikuwa msibani. Akamwita mdogo wake, waliyefungua naye gereji. Bwana akaanza kujiumauma: mteja alikuwa na haraka, tundu limeziba, akalizibua kwa sindano, basi. Sindano jamani, kwenye tundu jembamba kama unywele, kama mtu anayechokonoa meno! Na rangi je?

Hapo akamkonyeza dada yake, kwamba hayo watayamaliza nyumbani. Ndiyo kwanza akamtia kichaa. Nyumbani kitu gani, na mwenzao kazalia barabarani?

"Hii sikuipima mimi," alimwambia dereva. "Ndugu yangu kaiharibu, kisha akaipaka doa langu."

Akaibana nozeli kwenye jiliwa, akaiponda kwa nyundo isije ikarudi kwenye gari la mtu. Dereva alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na za gari letu la pili?"

Mama Nozeli akamgeukia mdogo wake. "Umepaka ngapi?"

"Dada, sikuhesabu."

Hakumtukana. Alikitupa kichupa cha rangi kwenye pipa la taka, akachukua simu, akampigia mteja wa kwanza aliyemkumbuka.

"Zima gari," alisema. "Doa langu usiliamini."