Tairi za Darini kwa Baba

Ukurasa huu nausoma kila gazeti likifika Malindi, na siku zote nilidhani wanaouandikia hawana watu wa kuzungumza nao. Mimi watu ninao, tena tele, na ndiyo maana naomba jina langu lisitokee. Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka sita, tumwite Zuhura. Mume wangu ni karani wa stoo katika hoteli moja ya Watamu na huenda kazini kwa gari letu dogo kuukuu. Baba yangu anauza spea na tairi hapa mjini. Dukani humo ndimo nilimokulia, kwa hivyo tairi nazijua kama wenzangu wanavyojua mchele.

Mwaka jana tairi za gari letu zilikwisha, zikawa kipara kitupu. Mume wangu aliulizauliza, na madereva wa hotelini wakamshauri anunue Mombasa zile zilizobandikwa mpira mpya juu ya tairi ya zamani. Bei yake nafuu, wao huzifunga kwa safari za kila siku, na hazijawaangusha. Ingebidi kupanga foleni ya feri pale Kilifi, lakini nikamwambia ni shauri jema. Bahati mbaya baba akasikia.

"Viraka?" alisema, amekuja mbio mpaka ndani. "Mwanangu mimi apande viraka, na mimi nauza tairi? Wataka mji wote unicheke?"

Alasiri ile akamwita mume wangu barazani kwake, mbele ya wazee wenzake, akampa tairi nne mpya, bado zimevishwa karatasi. Upya wake ni kwamba hazikuwahi kugusa barabara. Kwetu mkwe akikupa kitu hukigeuzi ukakikagua. Unapokea kwa mikono miwili na kushukuru, na mume wangu alishukuru. Mimi nilikuja kuziona zimeshafungwa, zimepakwa ile dawa nyeusi ya kung'arisha, nikafurahi kama mjinga.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka kwa shangazi yangu Watamu, adhuhuri, jua kali. Zuhura tulimwacha kwa mama. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Tulipopita Dabaso tairi ya mbele ikapasuka, gari likaacha njia na kuingia kwenye mikorosho. Mume wangu alichubuka tu. Mimi nilijifungua siku ya pili yake, mtoto wa kiume, hakulia.

Waliokuja kunipa pole walinisifu kwamba Mungu amenijalia subira. Si subira. Nilikufa ganzi, na ganzi yenyewe haijanitoka mpaka leo. Napika, nafua, wenzangu wakicheka nacheka, na sihisi kitu.

Nilipopata nguvu nilikwenda uani zilikolazwa tairi tatu zilizobaki. Dawa nyeusi ilikuwa imetoka. Nikaukandamiza ubavu wa moja kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka kama visigino vikavu. Hapo nikazijua. Zilikuwa darini kwa baba, kule juu pasipoezekwa, juani, miaka mingi kabla sijaolewa. Nilikuwa nikianika kanga zangu juu yake. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Niliona nyufa upande wa ndani, wakati wa kufunga."

"Na usiseme?"

"Ningesema nini, mke wangu? Babako amenipa mbele za watu. Nimwambie mali yako mbovu?"

Nilitaka kumchukia, nikakosa hata pa kuanzia.

Baba alipouliza tairi ilipasuliwa na nini, mume wangu alimwambia ni msumari. Tangu siku hiyo baba akitoka msikitini alfajiri hupitia mbele ya nyumba yetu, mtu wa mgongo mbovu, akainama njia nzima akiokota misumari na kuitia katika kopo la maziwa. Hunipigia kelele dirishani, "Mwanangu, leo nimepata miwili!" Namwambia ahsante, baba.

Sasa gari limenyooshwa, na juma hili ametuletea tairi nne nyingine, kutoka kulekule darini. "Hizi ni ndugu zake zile," alisema. "Zile hazikuwa na kosa, ila msumari hauna macho." Mume wangu akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante baba, Mungu akuzidishie." Zimelazwa ukumbini. Zikishafungwa, Zuhura atapelekwa shule nazo kila siku.

Nikisema, baba atajua kwamba mjukuu wake aliuawa na zawadi yake. Ana maradhi ya moyo, na hata angekuwa mzima, neno hilo hataweza kukaa nalo, namjua. Nikinyamaza, nampakia mwanangu aliyebaki juu ya mauti. Kuzibadilisha kwa siri nako hakuwezekani. Yeye ni muuza tairi, na kila alfajiri yupo mlangoni kwetu.

Kwa sasa nimeificha spana ya magurudumu ndani ya pipa la unga. Mume wangu ameitafuta garini, uani, mpaka chini ya kitanda. Majirani wenye magari wapo na spana wanazo, lakini hajakwenda kuazima. Jana alikuja jikoni, akalitazama lile pipa kwa muda, kisha akaniuliza kama chakula kimeiva.

Wenzangu mnaosoma hapa, nishaurini. Kati yangu na yeye, nani afumbue kinywa kwanza, na yule mzee tumwambie nini?