Joto la Mzee Tanuri

Mzee Tanuri alistaafu kiwanda cha mikate akiwa na nyusi zilizoungua na jina la utani ambalo hata mkewe alimwita kwalo. Enzi zake, mtaa mzima uliamka kwa harufu ya kazi yake. Asubuhi za baridi watu waligombania kusimama karibu na mlango wake wapate kuota moto, naye akiwatania huku akipanga mikate kwenye trei. Siku hizi kiwanda kimekuwa ghala la vigae.

Alipogundulika ana saratani ya tezi dume, daktari alimwanzishia sindano za kupunguza homoni za kiume, ili uvimbe ukose nguvu. Basi joto likamrudia. Yuko zake kibarazani, mara linampanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho chapachapa.

"Karibu chamani, mume wangu," mkewe alimwambia, akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. "Zamu yangu ilipofika, nilipokoma hedhi, ulisema nimezidisha pilipili."

Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kisha korona ikaingia. Siku ya sindano ilipofika, mzee akagoma. "Huko hospitali ndiko iliko!" Mkewe hakubishana. Alimvika barakoa, akachukua mkoba, akatangulia.

Langoni, mlinzi alipomwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, joto nalo likachagua saa hiyo hiyo kupanda.

"Mzee, kaa pembeni. Una homa."

"Si homa, mwanangu. Ni sindano."

Foleni nzima ikarudi nyuma. Mzee Tanuri aliinamisha kichwa. Maisha yake yote watu walimsogelea, hakuwahi kukimbiwa. Bahati nzuri muuguzi wake alitokea. "Huyo namjua. Mwacheni apoe, kisha mpimeni tena." Alipopoa, wakamruhusu.

Ndani, alimuuliza daktari, "Nasikia sindano hii inakinga korona. Ni kweli?"

"Watafiti wanalichunguza, baba. Wapo walioona dalili hiyo, wapo wasioona tofauti yoyote. Usiitegemee. Sindano ni ya saratani. Kwa korona, vaa barakoa, nawa mikono."

Miezi ikapita, korona ikampata. Alijifungia chumbani akikohoa, mkewe akaweka kiti nje ya mlango.

"Unakumbuka nilivyokuja kununua mkate mara ya kwanza?" mkewe aliuliza. "Ukaniambia ningoje, haujaiva."

"Nakumbuka."

"Ulinisimamisha hapo weee, kumbe rafu nyuma yako imejaa!"

"Ningekupa, ungeondoka."

Mara mzee akamsikia mkewe akicheka peke yake, kicheko kile kile cha usichana, naye akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Alipona polepole. Kama sindano ilimsaidia au la, daktari hakuthubutu kusema, na mzee hakuuliza tena. Siku aliyoruhusiwa kutoka chumbani, alivuta kiti kingine, akakiweka kando ya kile cha mkewe, wakaendelea na mazungumzo.