Mlango wa Kijani wa Mama Chaja

Mama Chaja hakuwahi kusafiri mbali, lakini wasafiri walimjua. Alichajisha simu katika chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi, na wateja wake wengi walikuwa wapita njia, watu waliohama kwao na hawajafika waendako. Wanaingia tu, "Shikamoo Mama Chaja," utadhani aliwabeba mgongoni. Nani kawaambia jina? Swali hilo lilimwasha kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Basi akabadilisha mlango. Ule wa kijani uliliwa na mchwa. Akauacha kwa seremala wa kona ya pili, akatundika mpya wa kahawia. Tangu hapo wageni wakaadimika. Akadhani njia zimefungwa huko watokako.

Asubuhi moja akamwona binti mjamzito kaketi ng'ambo ya barabara, anautazama mlango wake, haingii. Jua likapanda, yupo vilevile. Mama Chaja akachota maji, akavuka.

"Mwanangu, unamsubiri nani?"

"Mume wangu, mama. Tulipotezana mpakani, na simu yake imezima. Tuliambiwa mkipotezana, kutaneni kwa Mama Chaja. Asiponikuta atadhani nimetangulia, naye ataendelea."

"Sasa si ndiye mimi huyu?"

Binti akamkagua kutoka juu hadi chini. "Njiani kila mtu ni mama yako, mpaka akunyang'anye begi. Mama Chaja ana mlango wa kijani."

Akatoa simu, akaonyesha picha. Mlango wa kijani, na ufa wake kama mkia wa mjusi. Kizingitini, ndala iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Mama Chaja akanyanyua mguu: ndala ni hiyohiyo. Binti akashusha pumzi.

"Picha hii kapiga nani?"

"Sijui, mama. Shemeji alirushiwa na jirani, jirani naye na mtu aliyepita hapa."

Mama Chaja akakumbuka mlango ulikokwenda. Akamshika binti mkono, wakaenda kwa seremala. Mlango wa kijani ulikuwa umeegemezwa ukutani, na mbele yake kijana anajifunga begi mgongoni.

"Huyu bwana yupo tangu jana," seremala akasema. "Nikimuuliza shida yake, anasema anapumzika. Nikadhani wewe Mama Chaja umeniwekea mlinzi, nisiupasue kuni."

"Ulikuwa unakwenda wapi?" binti akamuuliza mumewe.

"Kukufuata. Nilidhani umeshapita."

Binti akamchapa kofi begani, kisha mkono akauacha palepale.

Siku hiyohiyo seremala akaurudisha mlango, akauegemeza kando ya ule mpya. Majirani hucheka: nyumba gani hii ina mlango usiofunguka? Mama Chaja hajali, maana wageni wamerudi. Kila anayeingia, Mama Chaja humuuliza picha kapewa na nani, na huyo naye kapewa na nani. Kila mara wanafika kwa shemeji wa mtu fulani, kisha kamba inakatika.