Upepo wa Breki za Sunday

Madereva wanaoshuka na shehena kwenda Mpondwe wanamwita Mama Washa. Wakifika juu ya mteremko, pale Bwera, humwona amesimama mlangoni na futi ya ushonaji shingoni, anapiga kelele: "Washa! Washa moto!" Hupiga honi wakacheka. Haya, wacheke. Jina lake hasa ni Feresita, na wazimu wake una mwanzo.

Mumewe, Sunday Bwambale, aliendesha lori kuukuu kati ya Kasese na mpakani. Jioni alilisimamisha mbele ya nyumba, breki za upepo zikapumua, pssss, na Feresita, hata kama mguu uko kwenye cherehani, aliinuka kuteleka maji ya chai. Sunday aliingia na dumu la dizeli, akaliweka nyuma ya mlango. "Mungu ametupa," alisema. Feresita aliliuza sokoni, na binti yao Shallon akasoma.

Mwaka 2013 lori lilikataa kusimama mteremkoni. Likatumbukia korongoni na saruji yake, na Sunday akafa. Tajiri mwenye lori akatangaza kwamba dereva alikuwa amelewa. Sunday, mlokole aliyekataa hata tonto, pombe ya ndizi, ya harusini! Lakini maneno ya tajiri hayakosi wa kuyabeba, na mazishini watu walipindisha midomo. Jambo hilo lilimchoma Feresita kuliko kifo chenyewe.

Matanga hayajapoa, jioni moja akasikia: pssss. Akateleka maji, akafungua mlango. Barabara ilikuwa tupu. Tangu siku hiyo breki zilipumua jioni baada ya jioni, na kila mara miguu yake iliinuka kabla akili haijaizuia. Hakuogopa sana. Aliona aibu, maana aliamini Sunday halali kaburini kwa sababu ya lile jina la ulevi, na anakuja kumwuliza mkewe kwa nini hamtetei.

Angemteteaje, naye hajui breki zilikufaje? Ndipo katika mzigo wa mitumba alionunua ili azirekebishe nguo, akakuta boksi la vifaa vya watoto vya kuundia magari: vipande vya plastiki vyenye matundu, gia, springi, mota ya betri, na pampu ndogo ya upepo pamoja na pistoni yake. Nusu ya vipande ilikuwa imepotea. Mtu mwingine angewapa watoto wa jirani. Feresita, aliyekuwa akifungua na kufunga cherehani yake mwenyewe, aliweka vibobini vya uzi palipokosa magurudumu, akaanza kuunda lori la Sunday.

Alianza na usukani: gia ndogo ikisukuma ufito wenye meno, magurudumu ya mbele yanageuka pamoja. Kisha springi, mpaka bodi ikawa inalala upande kwenye kona kama lile lenyewe. Breki zilimtesa kuliko vyote. Mota ilizungusha magurudumu na pampu kwa pamoja, pampu ikajaza upepo katika kichupa cha dawa ya kikohozi. Ukibonyeza kipini, upepo unasukuma pistoni, pistoni inabana gurudumu kwa kipande cha ndala. Aliinamisha meza ya kukatia nguo, akaliachia lori lishuke. Likasimama. Akalipakia mawe. Likasimama. Akaongeza mwinamo, likasimama, pssss, na hapo hofu ikamwingia. Kama breki zinashika hivi, je, tajiri alisema kweli?

Siri ya mtungi muulize kata. Utingo wa Sunday alikuwa Tsongo, mtu wa ng'ambo ya mpaka, aliyeruka siku ile akabaki na mguu wa kuburuta. Tangu mazishi alikuwa akiikwepa nyumba hii. Siku hiyo suruali ya ubatizo wa mwanawe ilikosa fundi mwingine, akaja ishonwe, akalikuta lori linashuka mezani na kusimama.

"Hapana, Mama Shallon," alisema. "Haiko vile."

"Iko namna gani?"

Tsongo akanyoosha kidole, akazima mota. "Sasa achilia."

Lori likashuka kimya. Feresita akabonyeza breki, likasita. Akabonyeza tena, likasita kidogo. Mara ya tatu kichupa hakikuwa na upepo wowote. Lori likampita, likaanguka sakafuni.

"Tulikuwa tunazimaka moteri kule juu," Tsongo alisema. "Gari inashuka yenyewe, mazutu, ile dizeli, inabakia mu tanki, tunaitoa. Bachofere bote banafanyaka vile. Ile siku kulikuwa ng'ombe mu barabara. Alikanyaga freni, alikanyaga tena, upepo ikaisha. Hakukunywa kitu, Mama."

"Mbona hukusema mazishini?"

Tsongo alitazama nyuma ya mlango. Dumu la mwisho lilikuwa bado pale, Feresita hakuwa na moyo wa kuliuza. "Ningesema namna gani mbele yako?"

Tsongo alipoondoka, Feresita alikaa chini pale pale, lori likiwa mapajani. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza dumu linatoka wapi. Alijichukia. Na alipokuwa amekaa hivyo, nje lori likaja likinguruma hadi juu ya mteremko, ngurumo ikakatika, likapita mlangoni kimya. Malori yalikuwa yakipita hivyo kila siku, naye akishona. Alitoka mbio bila viatu, akilia, "Washa!"

Jumapili alisimama kanisani na dumu mkononi. "Mume wangu hakulewa," alisema. "Alizima gari, na dizeli tuliila sote." Wapo waliosema bora angenyamaza.

Juzi dereva mmoja alimsikia, akawasha. Lori likashuka likinguruma, likasimama salama kule chini, na breki zikapumua: pssss. Feresita aliingia ndani haraka. Alikwisha kuteleka maji ndipo alipokumbuka kwamba Sunday hayupo.